Cameron na visiwa vya Kisale: alitembea mwaka na nusu, akaishia kuviona kwa mbali

Maji ya Lualaba yanayopita Nzilo, karibu na Kolwezi, hayaishie hapo. Yanateremka mpaka Bukama, kisha yanaingia katika bonde la Upemba, kwenye maziwa mengi, mafunjo, viboko, mamba na ndege wa kila namna. Moja ya maziwa hayo linaitwa Kisale. Karibu miaka 150 iliyopita, mzungu mmoja alitoka pwani ya bahari ya Hindi kwa miguu, akakaribia ziwa hilo, akaona maji yake, lakini hakukanyaga visiwa vyake. Jina lake ni Verney Lovett Cameron.

Cameron alizaliwa Uingereza mwaka 1844, mtoto wa mchungaji. Akiwa na miaka 13 tu aliingia jeshi la maji. Baadaye meli yake ilitumwa kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki kukamata vyombo vilivyobeba watumwa. Huko ndiko alijifunza Kiswahili, na lugha hiyo ilimsaidia sana mbele ya safari.

Kunako mwaka 1873, Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimtuma kumpelekea Livingstone msaada. Mwezi wa tatu alitoka Bagamoyo na wapagazi wengi. Kiongozi wao alikuwa Bombay, mtu aliyekuwa amekwisha kuongoza safari za wazungu wengine. Cameron alikuwa pia na wenzake watatu: Dillon, Murphy na Moffat, mtoto wa ndugu katika jamaa ya Livingstone. Moffat alikufa kwa homa hata kabla ya kufika Tabora. Mwezi wa kumi, wakiwa hapo Tabora, wakakutana na watumishi wa Livingstone wamebeba maiti ya bwana wao. Mtu waliyemfuata alikuwa amekwisha kufa. Dillon na Murphy wakageuka pamoja na maiti. Dillon, akiwa amechanganyikiwa na homa, akajipiga risasi njiani. Cameron akaendelea mbele, mzungu peke yake.

Mwaka 1874 alifika Ujiji, akazunguka upande wa kusini wa ziwa Tanganyika na kuona mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa hilo. Mwezi wa nane akawa Nyangwe, ng'ambo ya Maniema. Livingstone alikuwa amefikiri Lualaba unaweza kuwa Nili. Cameron alipima kimo cha maji, akaona uko chini mno kuwa Nili: huu ni mto Kongo. Alitaka kuufuata kwa mitumbwi mpaka baharini, lakini hakuna aliyekubali kumuuzia. Ndipo Tippu Tip akamshauri azungukie kusini, kwenye inchi ya Waluba.

Mwezi wa kumi akafika Kilemba, mji wa Mulopwe Kasongo Kalombo. Mulopwe hakuwepo. Cameron akapokelewa vizuri na mfanyabiashara Mwarabu, Jumah Merikani, ambaye alimpa habari za Katanga: shaba nyingi, na hata dhahabu, ambayo wenyeji hawakuijali kama shaba yao nyekundu.

Hapo Kilemba akasikia pia habari za maziwa. Katika ziwa moja aliloandika kwa jina la Mohrya, watu walijenga nyumba juu ya nguzo ndani ya maji. Alikwenda, akaziona kutoka ukingoni, akazichora. Hakupata mtumbwi wa kumfikisha. Habari ya Kisale, ambalo yeye aliliita Kassali, ilikuwa ya ajabu zaidi. Aliambiwa kwamba wakaaji wake wanakata vipande vikubwa vya majani yanayoelea, wanapanga miti juu yake, wanatia udongo, wanajenga nyumba, wanapanda ndizi, wanafuga mbuzi na kuku. Wakitaka kuhama, wanang'oa nguzo na kusukuma kisiwa chote.

Cameron akafunga safari kwenda kuviona. Akafika mahali ambapo maji ya Kisale yanaonekana kwa mbali, akazuiwa. Mulopwe hayupo, na bila ruhusa yake hakuna kupita. Akarudi Kilemba kungoja.

Kungoja huko kulichukua miezi. Mulopwe aliporudi mwaka 1875, njia ya Kisale bado haikufunguliwa. Cameron akalazimika kuungana na msafara wa Alvez, mfanyabiashara wa watumwa kutoka upande wa Angola, naye Alvez akachelewa mpaka mwezi wa sita. Siku hizo za kukaa bure ndizo zilimwonyesha jambo lililo zito kuliko visiwa. Mwenzake Alvez, aliyeitwa Coimbra, alileta wanawake 52 wamefungwa kamba. Cameron alihesabu kwamba ili kuwapata hao 52, vijiji kama 10 viliharibiwa, watu wapata 1,500: wengine waliuawa, wengine walikimbilia porini wakabaki na njaa. Yeye aliyekamata vyombo vya watumwa baharini, sasa alitembea nyuma ya msafara wao, kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Mwezi wa kumi na moja 1875 akafika Katombela, kwenye pwani ya Angola, mgonjwa sana. Alikuwa mzungu wa kwanza kukata Afrika ya kati kutoka mashariki mpaka magharibi. Habari zake za utajiri wa inchi hii zilisomwa haraka Ulaya, hata na Léopold II. Mwaka 1876 mfalme huyo aliita mkutano wa jiografia Bruxelles, na Cameron alikuwa kati ya walioalikwa. Miaka 9 baadaye Kongo ilikuwa mali ya Léopold. Mtu aliyeandika juu ya mateso ya watumwa alisaidia, bila shaka pasipo kukusudia, kufungua mlango wa mateso mengine.

Cameron alikufa mwaka 1894 huko Uingereza, baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi.

Leo, mtu wa Kolwezi akitaka kwenda Kisale anatafuta kwanza njia ya Bukama, halafu anapanda baleniere kuteremka Lualaba mpaka upande wa Kikondja. Mbuga ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, iko jirani. Na katikati ya mafunjo, wavuvi wangali wanajenga vibanda vyao juu ya majani yanayoelea.