Fanny Crosby: Mtunzi wa Tenzi Asiyeona

Wapendwa, tenzi za mama huyu tunaziimba mara kwa mara, ingawa wengi wetu hatulijui jina lake.

Fanny Crosby alizaliwa mwaka 1820 katika jimbo la New York, Marekani. Akiwa na wiki sita hivi aliugua macho, akawa kipofu. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, baba yake akafariki. Mama yake akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu, na nyanya yake akasaidia kumlea. Alisomewa Biblia mpaka akashika sura nyingi kwa moyo.

Alisoma katika shule ya vipofu jijini New York, kisha akafundisha hapo. Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mwanamuziki asiyeona kama yeye. Walijaliwa mtoto mmoja tu, naye akafariki angali mchanga.

Macho hayakufunguka, wala mtoto hakurudi. Hata hivyo Fanny hakumwacha Bwana. Alitunga tenzi kichwani, wengine wakamwandikia, hadi zikapita 8,000. Mojawapo ni Usinipite Mwokozi. Utenzi wake kuhusu usalama mikononi mwa Yesu umewafariji wazazi wengi waliozika watoto. Alilala katika Bwana mwaka 1915, akiwa na miaka 94.

Nasi tumeimba harusini na makaburini. Wako wenzetu waliokuja mazoezini wakiwa na msiba nyumbani. Sauti ikawakatika katikati ya ubeti, wengine wakaupokea. Kwa Fanny tunajifunza kwamba tumaini halingoji machozi yakauke.

Bwana asifiwe!