Robert Koch na siri ya usaha wa macho mekundu

Mwezi Agosti 1883, wakati kipindupindu kikiendelea kuua watu nchini Misri, daktari wa Kijerumani Robert Koch aliwasili Alexandria akiongoza ujumbe uliotumwa na serikali yake kutafuta chanzo cha gonjwa hilo. Akiwa huko alikutana na adha nyingine, ya zamani kuliko kipindupindu: macho mekundu yenye usaha, ambayo wageni kutoka Ulaya waliyaita kwa jina moja la ugonjwa wa macho wa Misri.

Koch alichukua usaha wa wagonjwa, akaupaka juu ya kioo, akautia rangi na kuutazama kwa hadubini. Alibaini kuwa jina hilo moja lilificha magonjwa mawili. Moja lilikuwa kali na lilitokana na vijidudu vinavyofanana na vile vya kisonono. Jingine lilikuwa jepesi zaidi, na lilikuwa na vijidudu vidogo vyembamba vilivyojificha ndani ya chembechembe za usaha. Vijidudu hivyo baadaye vilipewa jina lake pamoja na la John Weeks, daktari wa New York aliyevieleza mwaka 1886. Usaha, ambao wengi waliufuta na kuutupa, ukawa shahidi: seli za kinga zilizomiminika machoni zilikuwa zimebeba habari za adui aliyeziita.

Ujumbe wa Wafaransa uliokuwa Alexandria kwa kazi hiyohiyo ya kipindupindu ulimpoteza kijana Louis Thuillier, aliyefariki kwa ugonjwa aliokuja kuuchunguza. Koch aliendelea hadi Calcutta, India, na huko akathibitisha kijidudu cha kipindupindu mwaka 1884.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa migodi wa Clausthal, akasomea udaktari Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Alikuwa daktari wa wilaya huko Wollstein alipofuatilia kijidudu cha kimeta na kutangaza matokeo yake mwaka 1876. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza jijini Berlin chanzo cha kifua kikuu, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Kati ya ushindi huo kulikuwa na anguko: dawa ya tuberkulini aliyoitangaza mwaka 1890 kuwa tiba ya kifua kikuu haikuponya, na watu waliokuwa wamekimbilia Berlin kwa matumaini walirudi kwao wakiwa wagonjwa vilevile.

Mwaka 1897 Koch alifika Dar es Salaam, akachunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Alirejea mwaka 1905 na kufuatilia homa ya papasi katika njia za misafara kuelekea bara. Alionesha kuwa papasi jike hurithisha vijidudu kwa kizazi chake kupitia mayai. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Vita vya Majimaji vililipuka katika vilima vya Umatumbi, Kilwa, dhidi ya utawala uliowalazimisha wananchi kulima pamba. Hadubini ya Koch iliingia nchini kwa mamlaka ya utawala huo, na si haki kusimulia habari ya kwanza na kuiacha ya pili.

Uzito wa jambo hilo ulionekana katika Visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Koch aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Matokeo ya mwanzo yalipofifia, aliongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa walipofuka moja kwa moja, kwa kuwa dawa iliharibu mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Mtu aliyefumbua siri ya macho ya Wamisri akawa sababu ya giza kwa wagonjwa waliomwamini. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Ugonjwa mkubwa zaidi wa uso wa jicho, vikope au trakoma, haukutatuliwa naye. Mwaka 1907 Halberstaedter na Prowazek waliona huko Java madoa ya ajabu ndani ya seli za utando wa jicho, na ni mwaka 1957 ndipo mwanasayansi wa China, Tang Feifan, alipotangaza kuwa amekiotesha kijidudu chake ndani ya mayai ya kuku. Kijidudu hicho, klamidia, huishi ndani ya seli pekee, hivyo hakikuweza kuota katika sahani za maabara alizozizoea Koch.

Utafiti uliofanywa katika vijiji vya kaskazini mwa Tanzania umeongeza jambo ambalo kanuni ya kijidudu kimoja kwa ugonjwa mmoja haikulitazamia. Kovu la kope huendelea kukua kwa watoto ambao uvimbe wao hurudi mara kwa mara, hata pale klamidia haionekani tena. Kwa sababu hiyo watafiti hupima viashiria vya kibayolojia vya uvimbe katika machozi na katika seli za utando wa jicho, zikiwemo protini za interleukini ambazo seli hutumia kuitana. Kovu likikaza, kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho.

Vipimo hivyo ni vya maabara kubwa. Kwa mkazi wa Songo Songo, ambaye safari ya kwenda hospitali kubwa huanzia baharini, uchunguzi bado ni wa mikono: mhudumu hugeuza kope ya juu na kuitazama kwa lenzi na mwanga. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1987, vipele 5 au zaidi, kila kimoja kikiwa na nusu milimita au zaidi, vinatosha kuitwa trakoma. Na utando ukivimba hadi kuficha zaidi ya nusu ya mishipa yake mikubwa ya damu, uvimbe huo huhesabiwa kuwa mkali. Macho mekundu yaliyoenea Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2024 yalikuwa ya namna nyingine, ya virusi, ambavyo haviuawi na dawa za kuua bakteria.