Phillip Omondi: Dogo Aliyepewa Jezi Mapema na Ikajipa

Wewe mwenye unasoma hii ukiwa umekaa kando ya kiwanja hapa Rabai, buti zimening'inia shingoni, na kocha ameshakuambia tena eti bado wewe ni mdogo: tulia kidogo. Na wewe kocha, kama dogo amekupatia simu yake usome, usimrudishie kwanza. Leo nawapea story ya msee aliyewekwa kwa timu ya wakubwa akiwa na miaka 16 hivi, na hakuharibika.

Anaitwa Phillip Omondi. Najua, umeona jina na tayari umeanza kumdai. Pole sana, jezi ya taifa aliyovaa ilikuwa ya Uganda Cranes. Alizaliwa 1957 na akakulia Kampala. Babako akiwa mtu wa mpira muulize, utaona vile atatingisha kichwa.

Ili umuelewe Omondi lazima uelewe timu yake, KCC, ile ya baraza la jiji la Kampala. Ilianzishwa 1963 na Samuel Wamala, mkubwa wa kitengo cha maji taka cha jiji. Unaskia poa? Maji taka. Wachezaji wa kwanza walikuwa wafanyakazi, wasee wa kushinda kwa mitaro asubuhi na kupiga mpira jioni. Haikuwa timu ya mastaa. Wenye mashabiki walikuwa Express na wengine.

Mapema miaka ya sabini ikaja chini ya Jaberi Bidandi Ssali, jamaa ambaye baadaye aliingia siasa hadi akawa waziri. Yeye na wenzake hawakukimbilia majina makubwa ya ligi. Walikusanya vijana. Akina Tom Lwanga, Timothy Ayieko, Jimmy Muguwa, Peter Mazinga, wote wa rika linalokaribiana, wote na njaa. Mwaka wa 1973 Omondi akaingia hapo ndani.

Sasa hapa ndio nataka usimame na mimi. Wakati Omondi anapewa jezi, KCC haikuwa hata ligi kuu. Ilipanda 1974. Piga hesabu. Dogo anajifunza kucheza na watu wazima mahali ambapo akipoteza mpira, gazeti haliandiki. Akikosa goli la wazi, wiki ijayo kuna mechi nyingine na bado yuko ndani. Halafu timu inapanda na yeye anapanda nayo. Kufika ligi kuu, ashazoea mabeki wa kumkanyaga vidole, na wale wanaompa pasi ni walewale amekula nao vumbi.

Hiyo ndio saa ya kumpa kijana nafasi. Umri peke yake haukuambii kitu. Angalia kama timu inaweza kumbeba akikosea.

Makocha wetu wengi wanajua njia mbili pekee. Ya kwanza, wanamweka dogo benchi hadi anaota ndevu, alafu akifika 23 wanasema alikuwa na kipaji lakini hakujituma. Ya pili ni mbaya zaidi. Hii nimeiona na macho yangu, kwa timu ambayo sitaitaja. Tuko chini mabao matatu, mashabiki wanatukana, kocha amechanganyikiwa, anageuka anamwambia kijana wa miaka 17 avue tracksuit. Mechi yake ya kwanza. Kuguswa mpira mara ya pili akapokonywa, la nne likaingia. Unadhani lawama ilienda kwa nani? Hakuitwa tena. Saa hii anaendesha boda pale Mazeras, na akikupeleka usimuulize habari za mpira, mwendo wote hataongea.

Nyinyi wa Man U mtasema hii kitu mlianza. Ni kweli, hapo siwabishii. Duncan Edwards alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi tarehe 4 Aprili 1953 akiwa na miaka 16, na siku hiyo United walichapwa 4-1 na Cardiff pale Old Trafford. Matt Busby hakumtupa. Alimrudisha kwa vijana wenzake, akambeba kombe la vijana mara tatu huku akiendelea kuchezea wakubwa, na akiwa na 18 alikuwa anaivalia Uingereza. Ajali ya ndege ya Munich ilimuua 1958 akiwa 21. Lakini angalia mpango ulivyokuwa: kupanda, kushuka, kupanda tena, bila mtu kumwambia kushuka ni aibu. Huku kwetu dogo akirudishwa timu ya vijana, mtaa mzima unasema ameisha.

Turudi Kampala. KCC wakabeba ligi 1976. Wakabeba tena 1977. Timu ya mitaro, mazee! Mwaka wa 1978 wakawa klabu ya kwanza ya Uganda kubeba kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, na wa kulala kwenye fainali walikuwa Simba ya Tanzania. Kumbuka pia hii ilikuwa Uganda ya Idi Amin. Maduka matupu, sukari ni ya kutafuta, watu wanapotea usiku. Jumamosi ya mpira ilikuwa moja ya sehemu chache ambapo mtu angepiga kelele bila kuogopa nani anaskiza. Yaani wale vijana walikuwa wamebeba kitu kizito kuliko pointi tatu.

Machi 1978, Kombe la Afrika, Ghana. Timu nane tu. Uganda walikuwa wameenda 1974 na 1976 na kurudi bila kitu cha kusimulia, kwa hivyo hakuna aliyewahesabu. Wakaanza kwa kumchapa Congo 3-1. Tunisia akawarudisha chini na 3-1 yake. Alafu wakamlaza Morocco 3-0, na Morocco ndio walikuwa mabingwa watetezi, ndugu yangu. Nusu fainali wakakutana na Nigeria ya Segun Odegbami. Ikaisha 2-1 kwa Uganda, na Omondi alikuwa kwa orodha ya wafungaji.

Fainali, Accra, tarehe 18. Ghana nyumbani, uwanja umejaa, na Opoku Afriyie akaweka zote mbili. 2-0. Ghana wakawa wa kwanza kubeba hilo kombe mara tatu, wakaenda nalo jumla. Omondi akamaliza mashindano na mabao matatu, akifungana kileleni na Afriyie na Odegbami. Mfungaji bora wa Afrika, na hesabu ya miaka inakupa 20 au 21.

Ungemwambia mtu 1978 kwamba huyu bado ni mdogo, angekucheka. Lakini hakuamka asubuhi moja akawa hivyo. Alikuwa na miaka mitano ya mechi za wakubwa mwilini. Ile miaka mitano yenye wengi wetu huitumia tukingoja jina lisomwe. Na hakuachwa peke yake pia, ju kwa Cranes kulikuwa na nahodha Jimmy Kirunda, mkubwa mwenye sauti, wa kusimama kati ya dogo na presha. Kocha akikosa mtu kama huyo kwa timu, hata mimi ningemwambia asubiri kidogo kabla ya kumtupa kijana ndani.

Mwaka uliofuata Amin akaondolewa, nchi ikavurugika, na wachezaji wakatawanyika. Omondi akavuka kwenda Sharjah kule Falme za Kiarabu, akatafuta riziki kama vile wengi wa huku pwani wanavyoenda Ghuba hadi leo, ila yeye alienda na miguu yake. Baadaye alirudi KCC, akacheza tena, na akaja kufundisha hapohapo. Alifariki Aprili 1999, hata nywele hazijaanza kuwa nyeupe. Uwanja wa klabu pale Lugogo ukapewa jina lake.

Cranes walisubiri hadi 2017 ndio wakarudi tena Kombe la Afrika. Miaka 39. Ile fainali ya Accra bado ndio pekee waliyowahi kufika.

Sasa kocha, rudisha simu ya watu. Jumapili mnacheza, na mechi yenyewe si ya kufa na kupona, mko katikati ya jedwali na hamna wa kuwashusha. Dogo wa namba 14 amekuja mazoezi kila siku tangu Januari, akitembea kutoka kwao. Mpatie dakika 20 matokeo yakiwa bado 0-0, na yule beki wako mzee umwambie acheze karibu naye.