Kleene: Msomi wa hisabati aliyeweka msingi wa kusaka maandishi kwa tarakilishi

USIONE vyaelea, vimeundwa. Wahariri na waunda programu wanaosaka fungu la maneno ndani ya faili yenye maelfu ya mistari, wakalipata kufumba na kufumbua, hutumia mbinu ambayo msingi wake uliwekwa mwaka wa 1951 na mwanahisabati wa Marekani, Stephen Cole Kleene.

Ajabu ni kwamba msomi huyo hakuwa akishughulikia uhariri hata kidogo. Alikuwa akichunguza swali lililohusu ubongo.

Kleene alizaliwa Januari 5, 1909, mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa profesa wa uchumi na mama yake mshairi. Familia yake ilikuwa na shamba huko Union, jimbo la Maine, mahali alipopaenzi maisha yake yote.

Baada ya kuhitimu katika chuo cha Amherst mwaka wa 1930, alijiunga na Chuo Kikuu cha Princeton. Huko alikuwa mwanafunzi wa Alonzo Church, bingwa wa mantiki aliyetaka kujua ni hesabu zipi zinazoweza kukamilishwa kwa kufuata kanuni hatua kwa hatua.

Church alikuwa amebuni lugha ya alama kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kulikuwa na shaka iwapo lugha hiyo ingemudu jambo dogo kama kupunguza moja kutoka kwa nambari. Kleene aling'amua njia mwaka wa 1932, akiwa kwa daktari wa meno.

Alitunukiwa shahada ya uzamifu mwaka wa 1934, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, alihudumu katika jeshi la wanamaji, akiwafunza maafisa jinsi ya kuongoza meli. Alirejea Madison mwaka wa 1946.

Katika msimu wa joto wa 1951 alifanya kazi katika shirika la utafiti la RAND, jimboni California. Miaka minane awali, Warren McCulloch na Walter Pitts walikuwa wamechapisha makala yaliyozichukulia seli za ubongo kama swichi ambazo ama zimewaka ama zimezimwa. Kleene alijiuliza: mtandao wa swichi kama hizo, wenye idadi maalumu ya seli, unaweza kutambua mifuatano gani ya ishara?

Jibu lake lilikuwa fupi. Mtandao huo hutambua tu mifuatano inayoweza kuelezwa kwa njia tatu: kuweka ishara moja baada ya nyingine, kuchagua kati ya mbili, na kurudia. Kurudia alikuonyesha kwa alama ya kinyota. Kutokana na kazi hiyo, iliyochapishwa kitabuni mwaka wa 1956, zilizaliwa fomula ambazo wataalamu huziita semi za kanuni.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mlezi wa fomula hizo alikuwa Ken Thompson, mtaalamu wa maabara za Bell. Mwaka wa 1968 alichapisha maelezo ya namna ya kuzitumia kusaka maandishi. Alizitia katika programu ya uhariri iliyoitwa QED, kisha katika nyingine iliyoitwa ed. Mwaka wa 1973 ilizuka grep, ambayo kazi yake ni kusaka tu, na ambayo ingali inatumika.

Hapo ndipo ulipoanza utata unaowatatiza wengi hadi leo. Programu hizo zilichunguza maandishi mstari mmoja baada ya mwingine. Fungu linaloanza kwa neno Ilani na kukoma kwa neno Mwisho, mistari mitano chini yake, halingeweza kunaswa kwa fomula moja.

Mpaka huo haukutoka kwa Kleene. Katika hisabati yake, alama inayotenganisha mistari ni ishara kama herufi nyingine yoyote. Lakini ada ya wazee wa grep imedumu: katika programu nyingi, nukta inayosimamia herufi yoyote ile huiruka alama hiyo. Anayetaka kuvuka mistari sharti aiamuru programu ihesabu mwisho wa mstari kuwa herufi pia.

Hata akifanya hivyo, hana budi kukitazama kinyota kwa makini. Kwa kawaida kinyota ni kilafi. Humeza kadiri kiwezavyo. Faili ikiwa na ilani kumi, fomula itaanzia Ilani ya kwanza na kukomea Mwisho wa kumi, na mhariri aliyetaka kufuta tangazo moja atajikuta amefuta yote pamoja na habari zilizokuwa katikati. Tiba ni kuiagiza fomula ikomee kwenye Mwisho ulio karibu zaidi.

Aidha, kazi ya Kleene iliweka wazi kikomo cha fomula zenyewe. Mashine yenye kumbukumbu finyu haiwezi kuhesabu mabano yaliyo ndani ya mabano bila ukomo. Ingawa baadhi ya programu za leo zimeongezewa uwezo wa kuvuka mpaka huo, anayepambana na maandishi ya aina hiyo kwa fomula tupu hujichosha bure.

Kleene mwenyewe aliendelea na mantiki. Kitabu chake cha mwaka wa 1952 kuhusu misingi ya hisabati kilisomwa na vizazi vya wanafunzi. Alikuwa mkuu wa kitivo kuanzia 1969 hadi 1974, akastaafu mwaka wa 1979. Nje ya darasa alipenda kukwea milima na kutetea uhifadhi wa mazingira.

Mwaka wa 1990 alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi, tuzo ya juu ya wanasayansi nchini Marekani. Aliaga dunia mjini Madison mnamo Januari 25, 1994, akiwa na umri wa miaka 85. Swali lake kuhusu ubongo lilisalia mikononi mwa wataalamu wengine, lakini kinyota chake kingali kinafanya kazi kila siku katika tarakilishi kote duniani.