REMBRANDT: MCHORAJI ALIYEMCHORA BABA AKIMPOKEA MWANAWE



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu, safari hii tunawaletea mtu ambaye hakuwa mchungaji, wala mwinjilisti, wala mtunzi wa nyimbo. Alikuwa mchoraji wa picha. Jina lake ni Rembrandt, mtu wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 1669. Tumemchagua kwa sababu katika makanisa yetu bado wako wazazi wanaomwona kijana mwenye penseli kama mtu anayepoteza wakati, na wako wengine wanaoogopa kwamba kila picha ni sanamu iliyokatazwa. Maisha ya mtu huyu yanagusa mambo hayo yote mawili. Tena yanagusa mengine ambayo familia zetu zinayajua vizuri: kuzika watoto, kupoteza nyumba, na kuona vyombo vya nyumbani vikienda kimoja kimoja.

Alizaliwa tarehe 15 Julai 1606 katika mji wa Leiden. Baba yake alikuwa msagaji wa nafaka mwenye kinu kilichozungushwa na upepo, na mama yake alikuwa binti wa mwoka mikate. Nyumba ilikuwa na watoto wengi. Wazazi walimpeleka kwenye shule ya Kilatini, na mwaka 1620 jina lake likaandikwa katika chuo kikuu cha Leiden. Lakini moyo wake ulikuwa katika kuchora, nao wakakubali kumtoa masomoni na kumweka kwa fundi. Siku hizo kazi ya rangi ilifundishwa kama useremala unavyofundishwa kwetu: kijana anakaa chini ya fundi, anasaga rangi, anatayarisha mbao, na polepole anaruhusiwa kushika brashi. Alikaa Leiden kwa fundi wake miaka kama mitatu, kisha akaenda Amsterdam kwa miezi kama sita chini ya Pieter Lastman, ambaye alipenda sana kuchora habari za Biblia. Huko ndiko alikopata njia yake.

Mwaka 1626, akiwa bado kijana wa miaka kama 20, alichora Filipo akimbatiza yule towashi Mwethiopia wa Matendo ya Mitume sura ya 8. Mwafrika amepiga magoti katikati ya picha, na gari lake linamngoja nyuma. Miaka mingi baadaye, mwaka 1661, alichora tena Waafrika wawili, mmoja ameegemea bega la mwenzake. Katika mtaa aliokaa Amsterdam waliishi watu weusi, nasi tunapenda kufikiri kwamba wawili hao walikuwa majirani.

Hapa inafaa tueleze habari ya kanisa la nchi ile. Mwaka 1566 watu wengi huko waliingia makanisani wakavunja sanamu na picha, na Waprotestanti waliposhika nchi, kuta za makanisa zilibaki nyeupe tupu. Kwa hiyo hakukuwa na kanisa la Kiprotestanti lililomwagiza Rembrandt picha ya kuweka juu ya madhabahu. Hakuna aliyewasha mshumaa mbele ya kazi yake wala kuinama mbele yake. Watu walikuwa wakisoma Biblia majumbani, na mwaka 1637 ilitoka tafsiri kubwa ya Kiholanzi iliyotengenezwa kwa agizo la serikali. Picha za Rembrandt ziliingia katika nyumba hizo hizo, zikakaa karibu na Biblia. Wanaotaka kujua kama Mkristo anaweza kuchora bila kuabudu picha, jibu moja liko katika historia hiyo.

Tena hakutengeneza picha za matajiri tu. Alikuwa na kazi nyingine, ya kuchapa kwa bamba la shaba. Bamba linapakwa nta, mchoraji anachora juu yake kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha linatiwa katika asidi. Asidi inakula mahali palipokwaruzwa tu. Nta ikiondolewa, wino unasuguliwa ndani ya mifereji ile, karatasi yenye unyevu inawekwa juu, na vyote vinapitishwa katika mashine ya kubana. Bamba moja linatoa karatasi nyingi, na karatasi ni rahisi kuliko picha ya rangi. Rembrandt alitengeneza mabamba kama 300 hivi maishani mwake, na mengi ni ya habari za Maandiko. Maarufu kuliko yote ni lile la Mathayo sura ya 19, alilolimaliza karibu mwaka 1648. Humo Yesu amesimama katikati. Upande mmoja wako wenye elimu wakibishana, na upande wa pili wanakuja wagonjwa, mmoja ameletwa juu ya kitu kama kitoroli. Mama mmoja anasogea na mtoto wake, na Petro anajaribu kumzuia. Hata ngamia yumo, kwa ajili ya lile neno la tundu la sindano.

Na Rembrandt alirudia mara nyingi habari moja ambayo sisi hatuwezi kuipita haraka: Yusufu, Mariamu na mtoto wakikimbilia Misri. Aliichapa mwaka 1633, na tena miaka ya 1650 akairudia zaidi ya mara moja. Katika moja ya mwaka 1651 ni usiku mzito, na Yusufu anashika taa ndogo inayomulika miguu ya punda na njia kidogo tu. Katika nyingine ya mwaka 1654 wanavuka kijito, na Yusufu anajaribu kina cha maji kwa fimbo. Iko pia picha ya rangi ya mwaka 1647, ambayo sasa iko Dublin nchini Ayalandi. Usiku umefunika karibu picha nzima. Chini kuna moto mdogo wa wachungaji, na familia imepumzika hapo kando ya maji. Mtazamaji asipotulia hatawaona. Mbali juu ya kilima ipo nyumba kubwa yenye mwanga madirishani, lakini wao wako nje.

Mtu anaweza kuuliza Rembrandt alijuaje mambo haya, yeye ambaye hakuwahi kutoka nchini kwake. Amsterdam ilikuwa imejaa wakimbizi. Baada ya Wahispania kuuteka mji wa Antwerpen mwaka 1585, maelfu ya Waprotestanti walihamia kaskazini. Wayahudi walikuja kutoka Ureno na Hispania, na baadaye wengine maskini zaidi kutoka Ujerumani na Poland. Rembrandt alinunua nyumba katika mtaa wao, akawa anawaona kila siku mlangoni. Inaonekana kwamba alipotaka kuchora uso wa Yesu alimketisha kijana wa Kiyahudi kutoka mtaani, jambo ambalo wachoraji wa Ulaya hawakulizoea. Katika orodha ya mali yake iliandikwa picha moja ya kichwa cha Kristo iliyochorwa kwa kumtazama mtu hai.

Mwaka 1634 alimwoa Saskia van Uylenburgh. Tunajua alivyompenda kwa sababu alimchora tangu mwaka 1633, siku ya tatu baada ya uchumba wao, amevaa kofia ya majani makavu na kushika ua. Alimchora tena akiwa amepamba, na tena akiwa mgonjwa kitandani. Walipata watoto 4. Watatu walikufa wangali wachanga. Wa mwisho, Titus, alizaliwa mwaka 1641 akaishi, lakini Saskia mwenyewe alifariki mwezi wa Juni 1642 akiwa na miaka 29. Mwaka huo huo Rembrandt alimaliza ile picha kubwa ya askari wa mji ambayo watalii wanaijua kuliko zote. Sisi tunaitazama zaidi ile ya mwaka 1645: Yusufu anachonga mti, Mariamu ameshika kitabu mkononi, ameacha kusoma kidogo, anafunua kitambaa cha kitanda cha mtoto kuona kama amelala salama. Aliyezika watoto watatu ndiye aliyechora mkono ule.

Sasa tunafika mahali pagumu, na hatutapaficha. Baada ya kifo cha Saskia, yaya wa Titus aliyeitwa Geertje Dircx aliishi na Rembrandt kama mke. Mwaka 1649 alimshitaki kwamba alimwahidi ndoa akavunja ahadi. Mahakama ikamwamuru Rembrandt amlipe fedha kila mwaka. Mwaka uliofuata Rembrandt alisaidia mpango wa kumfungia yule mama katika nyumba ya adhabu ya wanawake mjini Gouda, naye akakaa humo miaka 5. Huo ulikuwa ukatili, na uzuri wa picha zake haupunguzi hata siku moja ya kifungo kile.

Kisha alikuwako Hendrickje Stoffels, mfanyakazi wa nyumbani. Rembrandt hakumwoa. Wosia wa Saskia ulikuwa na sharti kwamba akioa tena atapoteza faida ya mali yake, naye alikuwa na madeni. Mwaka 1654 Hendrickje akiwa mjamzito aliitwa mbele ya baraza la kanisa, akakiri, akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Mtoto Cornelia alibatizwa mwezi wa Oktoba mwaka huo. Aibu ya baraza ilimwangukia mama peke yake, jambo ambalo wengi wenu mmeliona likitokea hata leo.

Madeni yalikuwa ya nini? Nyumba aliinunua mwaka 1639 kwa gilda 13,000, fedha nyingi mno, akashindwa kumaliza malipo. Zaidi ya hapo alikuwa mtu wa kununua minadani: picha za wengine, silaha za kale, konokono wa baharini, mavazi ya nchi za mbali. Mwaka 1656 alifilisika. Karani akapita chumba kwa chumba akiandika kila kitu, na orodha ikafika vitu 363. Vikauzwa, na mwaka 1658 nyumba nayo ikauzwa, lakini fedha hazikutosha kulipa wadai. Familia ikahamia nyumba ya kupanga katika mtaa wa watu wa chini. Mwaka 1660 Hendrickje na Titus wakafungua biashara yao ya picha na kumfanya Rembrandt mfanyakazi wao, ili wadai wasichukue kazi ya mikono yake. Yule mwanamke aliyezuiwa Meza ya Bwana ndiye aliyeshika nyumba isianguke. Mwaka 1662 Rembrandt aliuza hata kaburi la Saskia. Mwaka 1663 Hendrickje akafariki.

Katika miaka hiyo ya ufukara brashi yake haikusimama, na watu wanaojua kazi hiyo wanasema hakuna wakati alipochora vizuri kuliko wakati huo. Karibu na mwisho wa maisha yake alirudi kwenye Luka sura ya 15. Alikuwa ameichapa habari ile mwaka 1636, na katika kazi hiyo ya ujana kila mtu ana haraka: baba ameinama kwa nguvu, watumishi wanatoka na nguo, mtu anafungua dirisha kutazama. Hata kabla ya hapo, karibu mwaka 1635, alijichora mwenyewe na Saskia kana kwamba yeye ndiye mwana mpotevu akinywa katika nyumba ya starehe, kikombe juu.

Picha ya uzeeni ni kubwa kuliko mtu, urefu wake ni zaidi ya mita mbili na nusu, na hakuna anayekimbia. Mwana amepiga magoti, mgongo wake kwetu, kichwa kimenyolewa kama cha mfungwa. Kiatu kimoja kimemtoka na unyayo uko wazi, umechakaa kwa safari. Baba ni mzee, macho yake yanaonekana yamefifia, kama mtu ambaye amesubiri mpaka uwezo wa kuona umeisha. Amevaa vazi jekundu, na mikono yake miwili imelala juu ya mgongo wa kijana. Nuru yote iko usoni pake na katika mikono hiyo. Kando amesimama mwingine ambaye wengi wanamwona kuwa kaka mkubwa, amenyooka, mikono ameikusanya juu ya fimbo, hasogei. Rembrandt hakuonyesha kama ataingia karamuni. Luka naye hakuandika.

Tunayajua ya Geertje, na tunapoitazama mikono ile hatuwezi kuamini kwamba mchoraji alijiweka mahali pa baba. Mapema, mwaka 1633, katika picha ya kuinuliwa kwa msalaba, alijichora mwenyewe kati ya watu wanaomwinua Yesu msalabani, na kofia yake ya uchoraji kichwani.

Titus alioa mwezi wa Februari 1668, na mwezi wa Septemba mwaka huo akafa. Mkewe akajifungua binti mwezi wa Machi 1669, akaitwa Titia kwa kumbukumbu ya baba yake. Rembrandt aliishi miezi michache tu baada ya kumpata mjukuu huyo. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1669, akazikwa katika kanisa la Westerkerk, Amsterdam, katika kaburi la kukodi lisilo na jina. Picha ya mwana mpotevu ilinunuliwa mwaka 1766 kwa ajili ya malkia Katerina wa Urusi, nayo iko St. Petersburg hadi leo.

Katika chumba chake cha kazi alipokufa ilibaki picha moja haijamalizika, ambayo sasa iko Stockholm nchini Uswidi. Ni mzee Simeoni wa Luka sura ya 2. Macho yake yamekaribia kufumba, mdomo uko wazi kidogo, na mtoto Yesu amelala juu ya mikono yake iliyonyooshwa, mikono ambayo rangi yake bado ni ya kazi ya kwanza kwanza.