Christopher Wren na makanisa ya jiji lililoungua

Christopher Wren anajulikana zaidi kwa kanisa kuu la St Paul's mjini London. Leo nataka kumweleza kwa makanisa yake madogo ya parokia, aliyoyajenga kwa ajili ya watu waliorudi kwenye majivu ya nyumba zao.

Wren alizaliwa mwaka 1632 katika kijiji cha East Knoyle, ambako baba yake alikuwa kasisi. Vita kati ya mfalme na bunge vilipoanza mwaka 1642, baba huyo alikuwa na cheo kanisani huko Windsor. Askari waliipora nyumba yao, na familia ikapata hifadhi kwa William Holder, mume wa dada yake Wren, karibu na Oxford. Shemeji huyo ndiye aliyemfundisha hesabu. Mimi nilijifunza hesabu katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, na leo ninaifundisha hapa Burundi, kwa hiyo habari za mtoto yule zinanigusa. Mwaka 1661 alikuwa profesa wa elimu ya nyota Oxford.

Septemba 1666 moto uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000 za London pamoja na makanisa ya parokia yapatayo 87. Siku chache baadaye Wren alimpelekea Mfalme Charles II ramani ya jiji jipya lenye barabara pana zilizonyooka. Haikutekelezwa. Wenye viwanja walitaka kurudi palepale walipokuwa, tena upesi. Mahakama maalumu iliundwa kuamua kesi za wenye nyumba na wapangaji, na kwa sehemu kubwa mitaa ya zamani ikabaki. Sisi tuliorudi tunaelewa: mtu hulilia kiwanja chake hata kikiwa kimebaki majivu.

Wren hakususa. Baadhi ya parokia ziliunganishwa, na ofisi yake, akisaidiwa na Robert Hooke na wengine, ikasimamia ujenzi wa makanisa 51. Fedha zilitokana na kodi ya makaa ya mawe yaliyoingia London. Viwanja vilikuwa vidogo, vingine vimepinda, vimebanwa na nyumba pande zote. Mara nyingi ilibidi kufuata misingi ya zamani. Hata hivyo, alitaka kila muumini amwone na kumsikia mhubiri.

Mfano mzuri ni St Stephen Walbrook, lililoanza kujengwa mwaka 1672. Kwa nje halina makuu. Ndani, nguzo 12 zimepangwa kwa mraba, na juu ya nguzo nane kati ya hizo yameinuka matao manane yanayobeba kuba ya mviringo. Kuba hiyo ni ya mbao na lipu, kwa hiyo ni nyepesi na nguzo zake ni nyembamba. Mwanga unaingia tele. Mabomu yaliiharibu mwaka 1941, ikatengenezwa tena.

Wren aliondolewa kazini mwaka 1718, akiwa na miaka 85, akafariki mwaka 1723. Amezikwa St Paul's. Kwetu tunaojenga upya ameacha somo moja: kiwanja kidogo si sababu ya kujenga vibaya.