VAVILOV, MTAFUTA MBEGU ALIYEKUFA KWA NJAA

Katika jarida letu huwa tunasoma sana habari za malenga na wapigania uhuru. Mimi leo nawaletea mtu wa mbegu.

Nikolai Vavilov alizaliwa Moscow, Urusi, mwaka wa 1887. Babake alikuwa mfanyabiashara wa nguo, kwa hivyo kwao hawakulala njaa. Lakini Urusi ya siku hizo mvua ikikosa, au baridi ikizidi, ngano ilikufa shambani na watu nao wakafuata. Kijana huyu akasomea kilimo, kisha mwaka wa 1913 akaenda hadi Uingereza kusoma elimu ya urithi kwa William Bateson.

Mwaka wa 1920, akiwa profesa mjini Saratov, alitoa hoja iliyowashangaza wenzake. Aliona kwamba mimea ya ukoo mmoja hufanana hata katika tofauti zake. Kama kuna ngano yenye ndevu na isiyo na ndevu, basi tafuta vizuri, shayiri pia utaipata hivyo hivyo. Tukifuata hoja hiyo, ukiona mmea mmoja unavumilia ukame, usilale! Nenda ukawatazame jamaa zake.

Hapa wale wa Bayolojia mnisikilize. Siku hizi wataalamu wameona ndani ya seli jambo ambalo Vavilov aliliona kwa macho shambani. Jeni, yaani chembe za urithi, nazo zina koo zake. Jeni moja ya kale hunakiliwa, nakala zikazaana na kugawana kazi kama ndugu. Ukoo mmoja unaitwa DREB, na umo katika ngano, mpunga, mahindi na hata mtama. Wengine katika ukoo huo huamka baridi ikiingia, wengine maji yakipungua au joto likizidi, na kila mmoja ni kama swichi inayowasha jeni nyingine za kuukinga mmea. Basi mahindi yetu yanaponyauka mchana na kuinuka jioni, kuna kazi kubwa imefanyika humo ndani.

Turudi kwa Vavilov. Mwaka wa 1921 njaa kali iliwaua watu wengi sana kando ya mto Volga. Yeye alikuwa amehamia Petrograd, mji ulioitwa baadaye Leningrad, kuongoza taasisi ya mimea. Tangu hapo hakutulia. Alikwenda Afghanistan, Mexico, Amerika ya Kusini, na mwaka wa 1927 alifika hapa kwa jirani zetu Ethiopia, akaonana na Ras Tafari mwenyewe. Kila alikopita alikusanya mbegu. Kufikia mwaka wa 1940 taasisi ilikuwa na sampuli zipatazo 250,000.

Lakini Stalin alitaka mavuno ya haraka. Akatokea bwana mmoja, Trofim Lysenko, aliyepinga mambo ya jeni na kudai kuwa ngano ikizoeshwa baridi itawarithisha watoto wake mazoea hayo. Ahadi zake zilikuwa tamu kweli! Ajabu ni kwamba Vavilov alikuwa mmoja wa waliomsifu mwanzoni. Alipoona ukweli alimpinga waziwazi, na hapo ndipo alipoonyesha ushujaa, kwa maana wakati huo kubisha kulikuwa kujitafutia kifo.

Agosti 1940 alikamatwa huko Ukraine akiwa katika safari ya kukusanya mimea. Walimsingizia ujasusi na kuharibu kilimo. Alihukumiwa kifo, halafu hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Gereza lenyewe lilikuwa Saratov, mji ule ule alikotolea hoja yake. Humo alidhoofika kwa njaa, akafa tarehe 26 Januari 1943, umri miaka 55.

Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani, na watu walikuwa wakianguka barabarani kwa njaa. Ndani ya taasisi wafanyakazi wake walikaa na magunia ya mbegu bila kuzila. Dmitri Ivanov, mtunza mpunga, alikufa huku pakiti za mpunga zikiwa zimemzunguka pande zote.

Mwaka wa 1955 hukumu ya Vavilov ilifutwa. Taasisi ile sasa inaitwa kwa jina lake, na mbegu zingali zinatunzwa humo.